Wimbi Pweke: Maisha ya John Scott Russell (1808–1882)

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Buruburu, Umoja na Kayole, nyaya nyembamba nyeusi zimetandazwa juu ya milingoti na kupenyezwa madirishani. Ndani ya waya wa aina hiyo mna uzi wa kioo ambao unene wake haupishani sana na ule wa unywele, na ndani ya uzi huo mwanga hupita kwa mipigo: huwaka, huzimika, huwaka tena, zaidi ya mara bilioni moja kwa sekunde. Mwanafunzi wa Makadara anayesoma kitabu kwenye tarakilishi na mama wa Umoja anayezungumza na mwanawe aliyeko ughaibuni wote huitegemea mipigo hiyo. Hata hivyo, kila mpigo una adui anayeandamana nao safarini, naye ni mtawanyiko. Kadiri mpigo unavyosafiri ndivyo unavyotanuka, hata ukamwingilia jirani yake, mfano wa watu wawili wanaosema kwa wakati mmoja pasiwe na wa kueleweka.

Mtu wa kwanza kushuhudia kwa macho yake na kueleza kwa makini kwamba wimbi laweza kumshinda adui huyu alikuwa mhandisi wa Uskoti ambaye alifariki miaka 17 kabla ya reli kufika Nairobi. Aliyaona hayo katika maji wala si katika mwanga, naye hakusadikiwa. Jina lake ni John Scott Russell.

Russell alizaliwa tarehe 9 Mei 1808 huko Parkhead, karibu na Glasgow. Baba yake, David Russell, alikuwa mtu wa kanisa aliyenuia mwanawe naye awe mhubiri. Jina la Scott lilikuwa la ukoo wa mama yake, na kijana akajiongezea mwenyewe. Alisoma kwa mwaka mmoja St Andrews, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Glasgow, ambako alihitimu mwaka 1825 akiwa na umri wa miaka 17. Baada ya hapo alikwenda Edinburgh akawa mwalimu wa hisabati na sayansi, na sifa zake za ualimu zikavuma. Mwaka 1832 Profesa John Leslie wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alipoaga dunia, Russell ndiye aliyeombwa kushikilia masomo hayo kwa muda. Alikuwa na umri wa miaka 24 tu. Kiti chenyewe hakukipata, na mwaka 1838 alipoomba kile cha hisabati alikikosa vilevile. Ni muhimu kulikumbuka jambo hili, maana liliamua mkondo wa maisha yake: mtu aliyekuwa na kichwa cha mtafiti alilazimika kutafuta riziki katika karakana na viwanda, na utafiti wake akaufanya kwa muda aliouiba kutoka kwa kazi.

Mwaka 1834 ulikuwa mwaka wa msiba na wa bahati. Russell alikuwa ameunda magari ya abiria yaliyoendeshwa kwa nguvu za mvuke, yakawa yanafanya safari kati ya Glasgow na Paisley. Wasimamizi wa barabara hawakuyapenda, wakidai kwamba yanaharibu njia yao, na mawe yakarundikwa barabarani kuyazuia. Wakazi wa kando ya Jogoo Road, ambao wameona mengi kati ya wenye magari ya abiria na wenye mamlaka ya barabara, hawatashangazwa sana na kisa hiki. Mwezi Julai mwaka huo gurudumu la gari mojawapo lilivunjika, tangi la mvuke likagonga chini na kupasuka, na abiria kadhaa wakapoteza maisha. Mahakama ikayapiga marufuku magari hayo.

Mwezi uliofuata, Agosti 1834, Russell alikuwa kando ya Mfereji wa Union, karibu na Hermiston nje ya Edinburgh. Alikuwa ameajiriwa kuchunguza iwapo mashua za mferejini zingeweza kwenda kasi zaidi. Farasi wawili walikuwa wakiivuta mashua kwa kamba kutoka ukingoni. Ghafla mashua ikasimama, lakini maji yaliyokuwa yakisukumwa nayo hayakusimama. Yalijikusanya kwenye omo yakitibuka, kisha yakaiacha mashua nyuma na kusonga mbele peke yake: kilima kimoja cha maji, laini, cha mviringo, kisicho na povu wala wimbi jingine mbele au nyuma yake.

Mtu mwingine angelitazama, akastaajabu, kisha akarudia kazi yake. Russell alikuwa juu ya farasi, naye akalifuata. Wimbi lilikuwa na urefu wa mita 9 hivi, na lilipanda juu ya uso wa maji kwa kiasi cha sentimita 30 hadi 45. Lilikwenda kwa mwendo wa kilomita 13 au 14 kwa saa, na jambo lililomshika zaidi ni kwamba halikubadilika umbo wala kupunguza mwendo kwa namna ya kuonekana. Kimo chake kilipungua polepole mno. Alilifuata kwa zaidi ya kilomita moja na nusu, pengine tatu, hadi likampotea katika kona za mfereji.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili lilikuwa la ajabu, inatosha kurusha jiwe katika Mto Nairobi pale unapopita Shauri Moyo. Viwimbi hutoka kwa duru, vingi na vya ukubwa mbalimbali, na baada ya muda mfupi vimetawanyika na kufifia. Hivyo ndivyo mawimbi yanavyotarajiwa kufanya. Wimbi la kawaida ni mkusanyiko wa mawimbi mengi madogo ambayo hayana mwendo mmoja, na kwa hiyo mkusanyiko huo lazima usambaratike. Kwa upande mwingine, yeyote aliyesimama ufukweni Mombasa ameona kasoro ya pili, iliyo kinyume cha hiyo: sehemu ya juu ya wimbi hukimbia kuliko ya chini, wimbi likainama mbele, likapinduka na kuwa povu. Basi wimbi lina namna mbili za kufa: kutawanyika au kupinduka. Lile la Hermiston halikufanya hata mojawapo.

Russell alirudi nyumbani akajenga birika refu la maji na kuanza majaribio. Kwa kuachilia maji mengi kwa mpigo upande mmoja, aliweza kuliunda wimbi lake kila alipotaka. Alipima na kupima tena. Aligundua kwamba mwendo wake hutegemea kina cha maji pamoja na kimo cha wimbi lenyewe, kwa hiyo wimbi refu huenda kasi kuliko fupi. Aligundua pia kwamba maji mengi kupita kiasi hayaundi wimbi moja kubwa, bali hugawanyika yakawa mawimbi mawili au zaidi, kila moja likishika njia yake. Aliliita wimbi la uhamisho, kwa kuwa lilihamisha maji kutoka mahali hadi mahali, na ripoti yake kamili aliitoa mbele ya Jumuiya ya Uingereza ya Kuendeleza Sayansi mwaka 1844.

Wakubwa wa hisabati hawakuipokea. George Airy, Mnajimu wa Kifalme, alikuwa na nadharia yake ya mawimbi ya maji yasiyo na kina, na nadharia hiyo ilisema kwamba wimbi lenye kimo haliwezi kusafiri bila kubadilika umbo. Mwaka 1845 aliyapuuza matokeo ya Russell. George Stokes, miaka miwili baadaye, naye akatilia shaka. Makosa yao hayakuwa ya uzembe. Airy aliitazama ile nguvu ya kupindua bila kuupa mtawanyiko nafasi yake, na hesabu yake ilikuwa sahihi kwa kile ilichokihesabu. Tatizo ni kwamba mfereji ulikuwa umeonyesha jambo ambalo hesabu haikulibeba, na katika mgongano huo walichagua kuiamini hesabu. Russell hakuwa na hisabati ya kuwajibu. Alikuwa na birika tu, na kumbukumbu ya mbio za farasi.

Hata hivyo wimbi hilo lilimpa riziki. Kutokana nalo alibuni umbo la meli ambalo omo yake imebinywa kwa ndani ili iyagawe maji taratibu badala ya kuyasukuma, na meli nyingi zikajengwa kwa mfano huo. Alihamia London mwaka 1844, akachaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme mwaka 1849, na akawa mmoja wa makatibu wa Maonyesho Makuu ya mwaka 1851. Mwaka 1860 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha wasanifu wa meli wa Uingereza.

Katikati ya ufanisi huo ndipo ilipoingia meli iliyomvunja. Isambard Kingdom Brunel, mhandisi maarufu kuliko wote wa zama zake, alitaka kujenga meli ya kubeba abiria 4,000, yenye urefu wa mita 211, ambayo ingeweza kufika Australia bila kuongeza makaa njiani. Russell alikubali kuijenga Millwall, kando ya Mto Thames, kwa takriban pauni 377,000. Bei hiyo ilikuwa ndogo mno. Brunel mwenyewe alikuwa amekisia zaidi. Moto ulikuwa umeteketeza sehemu ya karakana ya Russell mwaka 1853, fedha zikapungua, wakubwa hao wawili wakakosana, na mwanzoni mwa mwaka 1856 Russell akafilisika. Meli, iliyoitwa Great Eastern, ilisukumwa kuelekea majini kuanzia Novemba 1857 ikakwama, na haikuelea hadi tarehe 31 Januari 1858. Septemba 1859 ililipuka sehemu ya bomba lake la moshi katika safari ya majaribio na kuua wafanyakazi kadhaa. Siku chache baadaye Brunel akafariki.

Aliyekufa akawa shujaa, aliyebaki hai akawa mkosaji. Kwa karibu karne nzima Russell alitajwa katika vitabu kama kikwazo cha Brunel, na mwaka 1957 L. T. C. Rolt, mwandishi wa maisha ya Brunel, alimchora kwa wino mweusi zaidi. George Emmerson alimtetea katika wasifu wa mwaka 1977. Ukweli waelekea kuwa kati ya wawili hao: Russell alikuwa mfanyabiashara mbaya, mwenye kuahidi bei asizozimudu, lakini meli ilikuwa ya ukubwa ambao hapana karakana duniani iliyokuwa imejaribu. Kumwita laghai ni kupita mpaka.

Great Eastern haikupata abiria wa kuitosha. Kazi iliyoifaa ilikuwa nyingine kabisa. Mwaka 1866 ilitandaza waya wa telegrafu chini ya Bahari ya Atlantiki, na mwaka 1870 ikatandaza mwingine kati ya Bombay na Aden. Mwaka 1879 kampuni ya Eastern and South African Telegraph iliendeleza waya kutoka Aden hadi Zanzibar na kusini zaidi, na mwaka 1890 Mombasa ikaunganishwa na Zanzibar. Hivyo meli aliyofilisikia Russell ilifunga fundo la Aden ambalo pwani ya Waswahili ililishika baadaye. Mikongo ya kioo ya TEAMS na SEACOM, iliyoanza kazi Mombasa mwaka 2009, na ambayo matawi yake hatimaye yaliingia Buruburu na Donholm, ilikuja miaka 130 baada ya waya huo wa kwanza. Meli yenyewe iliuzwa kama vyuma chakavu na kuvunjwa kuanzia mwaka 1889. Mlingoti wake mmoja ulinunuliwa ukasimikwa katika uwanja wa Anfield, kwa hiyo mashabiki wa Liverpool wa mitaa ya Eastlands huenda wameiona kazi ya karakana ya Russell kwenye runinga bila kujua.

Miaka ya mwisho ya Russell haikuwa ya neema. Alisanifu kuba kubwa la Rotunda kwa ajili ya maonyesho ya Vienna ya mwaka 1873, kazi iliyosifiwa, lakini mali yake haikurudi. Alifariki tarehe 8 Juni 1882 huko Ventnor, katika Kisiwa cha Wight. Alikuwa bado akiandika kuhusu wimbi lake, na kitabu hicho kilitolewa mwaka 1885. Humo alikusudia kulipeleka wimbi la mfereji hadi hewani na hadi angani, akiamini kwamba mwanga nao husafiri katika kitu kiitwacho etha. Akachukua mwendo wa mwanga akaitumia kanuni yake ya mfereji ili kukisia kina cha ulimwengu. Hesabu hiyo haina mashiko hata kidogo, wala etha haipo. Lakini wazo la kwamba wimbi pweke na mwanga vina udugu lilikuwa na ukweli asioweza kuujua.

Hisabati iliyokosekana ilipatikana kidogokidogo. Joseph Boussinesq wa Ufaransa aliipata mwaka 1871 na Lord Rayleigh wa Uingereza mwaka 1876, Russell akiwa bado hai. Mwaka 1895 Waholanzi Korteweg na de Vries wakaandika mlinganyo uliobeba majina yao. Mtawanyiko na upindukaji vilikuwa vikivutana kwa nguvu sawa, na katika usawa huo wimbi likabaki na umbo lake. Kisha jambo likalala. Mwaka 1965 Zabusky na Kruskal wa Marekani, wakitumia tarakilishi, waliona mawimbi ya aina hiyo yakigongana na kutoka yakiwa kamili, wakayaita solitoni.

Mwaka 1973 Hasegawa na Tappert walikisia kwamba uzi wa kioo nao waweza kubeba solitoni za mwanga, na mwaka 1980 Mollenauer na wenzake katika maabara ya Bell wakazionyesha. Tuwawazie wanariadha wanaokimbia kwa kundi katika uwanja wa City pale Jogoo Road, ambao baadaye ulipewa jina la Joe Kadenge. Wenye kasi watatangulia na wazito watachelewa, na kundi litatawanyika. Sasa tuseme ardhi ni laini kama godoro. Uzito wa kundi utafanya bonde. Wa mbele watalazimika kupanda mlima na kupunguza mwendo, wa nyuma watateremka na kuongeza. Kundi litabaki moja. Mwanga mkali hufanya bonde la namna hiyo ndani ya kioo kwa kuyabadilisha mapito yake mwenyewe. Ni haki kusema kwamba nyaya za Umoja hazitumii solitoni. Mitandao ya kawaida hupambana na mtawanyiko kwa njia nyingine. Ila anayepigana naye ni yuleyule.

Jambo lililowashughulisha zaidi wanafizikia wa leo ni wanariadha hao wakizunguka uwanja bila kikomo. Chombo cha kuzungushia mwanga, yaani resoneta, chaweza kuwa duara la uzi wa kioo au kipete kidogo kuliko sarafu. Kila mzunguko mpigo hupoteza nguvu kidogo, na leza iliyo nje huurudishia, kama anayewapa wakimbiaji maji mstarini. Hapa mizani huwa mbili: mtawanyiko na bonde, upotevu na malisho. Mwaka 1979 Mjapani Kensuke Ikeda alionyesha kwa hesabu kwamba mwanga katika duara la namna hii waweza kuingia vurugu isiyotabirika. Mwaka 1987 Lugiato na Lefever waliandika mlinganyo wa vyombo hivyo. Mwaka 2010 watafiti wa Brussels waliweza kuzungusha mipigo pweke katika duara la uzi lenye urefu wa mita 380 hivi, mipigo ikashikilia umbo lake mzunguko baada ya mzunguko.

Lakini usawa huo una mipaka. Malisho yakipungua, mpigo huzimika. Yakiwa ya kadiri, huzunguka kwa utulivu. Yakizidi, mpigo huanza kupumua: hupanda na kushuka, hunenepa na kukonda, kwa mpangilio maalumu. Yakizidi tena, kupumua huko hupoteza mpangilio na kuwa vurugu. Tabia hizi zilielezwa kutokana na majaribio mwaka 2013, na mwaka uliofuata solitoni zikapatikana katika vipete vidogo, ambapo zinafaa kupimia wakati na masafa ya mwanga kwa usahihi mkubwa. Mtu anayekumbuka birika la Russell, ambamo maji ya ziada yalikataa kuwa wimbi moja kubwa, ataona kwamba naye alikuwa ameupapasa mpaka wa usawa huo, ingawa katika maji hapakuwa na wa kuyalisha mawimbi yake.

Tarehe 12 Julai 1995 wanasayansi waliokongamana katika Chuo Kikuu cha Heriot-Watt, ambacho kiko karibu na Hermiston, walikwenda kwenye Mfereji wa Union, mahali ambapo maji yake huvukishwa juu ya barabara kwa daraja lililopewa jina la Scott Russell. Mashua ikaendeshwa kwa kasi, ikasimamishwa ghafla. Kilima kimoja cha maji kikaiacha omo na kwenda zake, na waliokuwa ukingoni wakalitazama wimbi walilokuwa wakilijua kwa hesabu tu.